Mbegu za GMO na haki ya jirani

Ijumaa moja baada ya sala, katika msikiti mmoja wa wilaya ya Muheza, alitufuata mzee mkulima akiwa na hindi mkononi. Akalimenya mbele yetu. Lilikuwa hindi jeupe, lakini baina ya zile punje nyeupe zilikuwamo punje za njano, kumi na mbili kwa hesabu yake, zimetawanyika kana kwamba zimechomekwa kwa mkono. "Sheikh," akasema, "mimi sijapanda mahindi ya njano tangu kuzaliwa kwangu. Aliyepanda ni jirani yangu. Sasa tuambieni, hizi mbegu za GMO tunazozisikia redioni, ni halali au ni haramu?"

Tulimjibu kwa maneno machache, maana watu walikuwa wakitungoja mlangoni, na jibu letu halikutosha. Makala haya, ndugu msomaji, ni deni tunalomlipa mzee yule.

Mahindi ya jirani yake hayakuwa GMO hata kidogo. Yalikuwa mbegu ya kawaida ya njano. Mbelewele zilipopukutisha chavua, upepo uliibeba ukavuka nayo mpaka, ikatua juu ya nywele za mahindi ya mzee, na punje zikatoka na rangi ya shamba la pili. Mkulima yeyote ameliona jambo hili na wala halimsumbui. Hindi la mchanganyiko huchomwa likaliwa kama mahindi mengine. Lakini hebu tufikirie kwamba punje zile kumi na mbili zingekuwa na kinasaba kilichotengenezwa maabara na kusajiliwa kwa jina la kampuni. Mzee alidhani ametuuliza juu ya halali na haramu. Hindi alilolishika lilikuwa likiuliza jambo jingine: ikiwa upepo huingia bila kupiga hodi, nani mwenye haki ya kuamua kitakachoota shambani mwa mtu?

Tuanze na lile aliloliuliza kwa ulimi wake. Mbegu iliyobadilishwa vinasaba ni ile ambayo wataalamu wameitia kinasaba kutoka katika kiumbe kingine, au wamekibadili kinasaba chake chenyewe, ili mmea upate sifa ambayo haukuwa nayo, kama vile kuhimili dawa ya kuua magugu, kumshinda mdudu atoboaye mabua, au kustahimili ugonjwa wa virusi. Mbegu hizi zilianza kulimwa kwa wingi nchini Marekani mwaka 1996. Wapo wanaosema kuwa kugusa vinasaba ni kuingilia maumbile ya Muumba, na hatuidharau hofu yao. Hata hivyo, mwanadamu amekuwa akiyaingilia mazao tangu alipoanza kulima. Hindi lenyewe, lau lingeachwa porini bila ya mtu wa kulipukuchua na kulipanda, lisingeweza kuendelea kuwapo. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 2013 ya kuruhusu uhandisi jeni kwa masharti, miongoni mwake ikiwa ni kutowadhuru watu wala mazingira. Nasi tunakikumbuka kisa mashuhuri cha watu wa Madina na uchavushaji wa mitende, walipoacha kuipandishia kwa kudhani wamekatazwa, mavuno yakaharibika, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawarudishia wenyewe mambo ya ukulima wao kwa kuwa wao ndio wanaoyajua zaidi.

Kuhusu afya ya mlaji, Taasisi za Taifa za Sayansi za Marekani zilichapisha ripoti ndefu mwaka 2016 baada ya kupitia mamia ya tafiti, na hazikukuta ushahidi thabiti kwamba chakula cha mbegu hizi kina hatari zaidi kuliko chakula cha mbegu za kawaida. Tunayasema haya mapema, tukijua kuwa wapo watakaotukasirikia, kwa sababu yanayofuata hayataeleweka kama msomaji atabaki akidhani kwamba tunazungumza juu ya sumu.

Kwa nini basi watu wa wilaya na vitongoji, katika nchi ile ile iliyozianzisha mbegu hizi, wamepiga kura kuzizuia? Wa kwanza walikuwa watu wa kaunti ya Mendocino katika jimbo la California. Tarehe 2 Machi 2004 walipiga kura na kupiga marufuku kilimo cha mazao yaliyobadilishwa vinasaba ndani ya mipaka yao, ingawa upande wa makampuni ulikuwa umetumia zaidi ya dola 500,000 kuwashawishi wakatae. Baada yao kaunti kadhaa zilijaribu. Nyingine zikafaulu, nyingine zikashindwa, na mwaka huo huo wa 2004 zilikuwapo tatu zilizoangushwa kwa kura siku moja. Hatutazitaja zote. Tutasimama katika moja iliyo kusini mwa jimbo la Oregon, kwa sababu huko suala la upepo lilifika mbele ya hakimu na likakatiwa hukumu.

Kaunti ya Jackson ni bonde la wakulima wadogo wadogo, na miongoni mwao wapo wanaoishi kwa kuzalisha mbegu za mboga na kuziuza. Mwaka 2012 wakulima hao waligundua kwamba kampuni ya Syngenta ilikuwa imekodi vishamba hapa na pale bondeni, ikipanda viazisukari vilivyobadilishwa vinasaba kwa ajili ya mbegu. Hapa inafaa tueleze jambo ambalo wengi hawalijui. Kiazisukari, biti tunalolila kwenye kachumbari, na ile mboga ya majani mapana ambayo masokoni kwetu huitwa spinachi, yote matatu ni mmea wa jamii moja. Huchavushana kwa upepo, na chavua yake ni nyepesi mno, huenda kilomita kadhaa. Mzalisha mbegu za spinachi aliye karibu na shamba lile hawezi kumwapia mteja wake kwamba mbegu alizomuuzia ni safi; na mteja wa kilimo hai anayepima na kukuta kinasaba kigeni, hurudisha mzigo wote. Hatari yenyewe haikuwa ya kuugua mtu. Lililokuwa hatarini ni mali: kazi ya msimu mzima inapotea bila ya jirani kuvuka mpaka wala kukusudia ubaya.

Wakulima walikusanya saini, wakaliweka suala lao katika karatasi ya kura. Wakati shughuli hiyo ikiendelea, bunge la jimbo lilipitisha sheria mwezi Oktoba 2013 ya kuzinyima kaunti zote mamlaka ya kutunga kanuni juu ya mbegu. Jackson peke yake iliachwa, kwa kuwa suala lake lilikuwa limekwisha kukubaliwa kupigiwa kura. Makampuni ya mbegu na washirika wao walimwaga zaidi ya dola 800,000 katika kampeni ya upinzani, fedha nyingi mno kwa kaunti kama ile. Tarehe 20 Mei 2014 wananchi walipiga kura, na watu takriban 66 katika kila 100 wakasema ndiyo: mazao hayo yasilimwe, na yaliyokwisha kupandwa yang'olewe ndani ya miezi 12.

Hapo ndipo pande zote mbili za jambo hili zilipojitokeza. Wakulima wawili wa kaunti hiyo walikuwa wamekwisha kupanda alfalfa iliyobadilishwa vinasaba, majani ya mifugo ambayo wafugaji wetu huyajua kwa jina la lusani. Lusani hupandwa mara moja ikavunwa miaka mingi. Kuwaambia waing'oe ndani ya mwaka mmoja kulikuwa kuwatia hasara, nao walipanda wakati sheria ikiruhusu. Wakaenda mahakamani wakidai zaidi ya dola milioni 4. Walitegemea sheria ya jimbo inayomlinda mkulima asibughudhiwe katika kilimo chake. Mwishoni mwa Mei 2015 Jaji Mark Clarke, wa mahakama ya shirikisho mjini Medford, alikataa hoja yao. Alisema kwamba sheria ile ya kumlinda mkulima, kwa maandishi yake yenyewe, haikusudii kukinga shughuli inayoharibu mazao ya biashara ya mkulima mwingine. Haki ya kulima ipo, lakini haikumpa mtu ruhusa ya kuharibu kilimo cha jirani.

Mwezi Desemba mwaka ule pande zote zilipatana. Lusani iliyokwisha kuota ilibaki ardhini mpaka umri wake uishe, muda wa miaka minane hivi, na baada ya hapo isipandwe tena. Wenye lusani nao wakaacha kudai fidia.

Tulipousoma upatanishi huo hatukuweza kuacha kukumbuka kisa kilichotajwa katika Sura ya Manabii, cha Daudi na Sulaiman, amani iwe juu yao, walipohukumu juu ya shamba ambalo mbuzi na kondoo wa watu waliliingia usiku. Wafasiri wanasimulia kuwa Daudi aliona wanyama wapewe mwenye shamba, kwani thamani ya uharibifu ilikaribia thamani yao. Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue wanyama anufaike na maziwa, sufi na vizazi vyao, na mwenye wanyama alishike shamba alihudumie mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arejeshewe chake. Aliyedhurika alilipwa, na aliyesababisha hakufilisiwa. Hatusemi kwamba wale wa Oregon walikuwa na habari na kisa hiki. Mwenye shamba na mwenye mifugo wamekuwa wakishtakiana tangu dunia ianze, na chavua ni mfugo mmojawapo, isipokuwa huu haufungiki zizini.

Si kila mahali jambo lilikwenda kwa uadilifu namna hiyo. Katika visiwa vya Hawaii lilikuwa gumu zaidi, na ugumu wake unatokana na papai. Mwaka 1992 virusi vya madoa ya duara viliingia wilaya ya Puna, iliyokuwa ikitoa mapapai mengi kuliko mahali pengine visiwani humo. Katika miaka michache mavuno yalipungua kwa nusu hivi. Wakulima waling'oa, wakapanda tena, virusi vikarudi. Mwaka 1998 walipewa mbegu ya papai iliyotiwa kipande cha kinasaba cha virusi wale wale, kwa namna inayokaribia ile ya chanjo kwa mtoto, na mashamba yakasimama tena. Papai lile liliwatoa watu katika umaskini bila ya kumfanya mtu mtumwa wa dawa yoyote.

Baraza la kisiwa kikubwa cha Hawaii lilipopitisha sheria mwaka 2013 ya kuzuia mazao mapya yaliyobadilishwa vinasaba, lilifanya jambo ambalo tunalihesabu kuwa la busara: papai likaachwa nje ya katazo. Wapo waliolicheka, wakauliza, kama jambo ni baya mbona papai limesamehewa? Sisi tunaona ndivyo ilivyopasa. Anayeweka sheria lazima atazame madhara na manufaa ya kila kitu peke yake, wala asikamate jina likawa ndilo linalohukumiwa. Kisiwa cha Maui kilikwenda mbali zaidi. Novemba 2014 wapigakura walikubali kusimamisha kilimo chote cha namna hiyo mpaka uchunguzi ufanyike, kwa tofauti ya kura elfu moja hivi, baada ya makampuni kutumia karibu dola milioni 8 kupinga. Zote mbili, pamoja na sheria ya kisiwa cha Kauai juu ya dawa za mashambani, ziliangushwa. Mwezi Novemba 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba mamlaka juu ya mambo hayo ni ya serikali ya jimbo, na visiwa havikuwa na haki ya kujitungia sheria. Hoja ya madhara haikushindwa, kwa sababu haikufikiwa hata kujadiliwa. Watu walikosa mlango wa kuingilia.

Turudi sasa karibu na nyumbani, kwani jirani zetu wa Kenya wamepita katika njia hii kwa miaka mingi. Kenya ilikuwa na Sheria ya Usalama wa Viumbe Hai ya mwaka 2009, na mamlaka maalumu ya kuzipima mbegu hizi. Mwezi Septemba 2012 ukachapishwa utafiti wa Mfaransa Gilles-Eric Séralini, uliowalisha panya 200 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba kwa miaka miwili, na picha za panya wenye uvimbe mkubwa zikazunguka dunia nzima. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Novemba 2012, Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku kuingizwa kwa vyakula hivyo. Ile mamlaka iliyoundwa kisheria ili kushauri juu ya jambo hilo hilo ilipitwa.

Utafiti wenyewe haukusimama. Makundi yalikuwa na panya kumi kumi tu, na panya wa jamii ile hupata uvimbe wakizeeka hata wakilishwa chakula cha kawaida. Jarida lililouchapisha liliuondoa Novemba 2013. Mwandishi akautoa tena katika jarida jingine mwaka uliofuata, lakini heshima yake ilikuwa imekwisha kuondoka. Katazo la Kenya likaendelea hivyo hivyo kwa karibu miaka kumi. Kisha tarehe 3 Oktoba 2022, ukame ukiwa mkali kuliko uliopata kuonekana kwa miaka 40, Baraza jipya la Mawaziri likaliondoa katika kikao kimoja, kwa kulima na kwa kuingiza. Lilivyowekwa ndivyo lilivyoondolewa: kwa amri kutoka juu, siku moja, na mkulima wa Kitui au Kilifi hakuulizwa mara ya kwanza wala ya pili.

Ndipo mahakama zilipokimbiliwa. Kesi ya Chama cha Mawakili ilitupwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwezi Oktoba 2023. Wakulima wadogo waliojiunga katika Kenya Peasants League hawakukata tamaa, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusimamisha uingizaji na kilimo cha mazao hayo mpaka rufaa isikilizwe. Sisi si mawakili. Tunachokiona ni kwamba miaka kumi ya katazo ilipita bila ya kuandikwa kanuni moja iliyo wazi ya kumwambia mkulima wa mbegu za asili atalipwa na nani chavua ikimwingilia. Hofu ya panya iliwashughulisha watu, na suala la jirani likasahaulika.

Katika suala hilo hilo Tanzania ilikuwa na jambo la kujivunia, kisha ikalilegeza. Kanuni za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilimbebesha mwenye mbegu wajibu mzito: madhara yakitokea, hulipa, hata kama hakuna aliyethibitisha kwamba alizembea. Watafiti walilalamika kwamba hakuna mfadhili atakayethubutu kuleta mbegu chini ya kanuni kama hiyo. Mwaka 2015 kanuni zikarekebishwa ili kwa shughuli za utafiti aliyedhurika athibitishe kwanza kosa la mtafiti, na Oktoba 2016 majaribio ya mahindi yanayostahimili ukame yakaanza Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 wizara iliagiza yasitishwe, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo Adolf Mkenda akatangaza kuwa majaribio ya namna hiyo yamefutwa.

Msomaji aliyepita madrasa atayatambua mabishano haya mara moja, maana ni yale yale ya mlango wa dhamana. Wanachuoni wametofautisha baina ya mtu aliyetenda uharibifu kwa mkono wake, ambaye hulipa hata kama hakukusudia, na mtu aliyekuwa sababu tu, ambaye halipi mpaka ithibiti kuwa alivuka mpaka. Kanuni za 2009 zilimhesabu mwenye mbegu kuwa mtendaji. Marekebisho ya 2015 yalimhesabu mtafiti kuwa sababu. Yupi aliye sawa? Kwa maoni yetu mfano ulio karibu zaidi ni wa moto. Wakulima wetu huchoma mashamba kabla ya mvua, na fiqhi ina neno juu ya hilo: anayewasha moto katika ardhi yake siku tulivu, kwa kadiri ya desturi, kisha ukaruka bila ya uzembe wake, hadaiwi, lakini anayeuwasha siku ya upepo mkali hudaiwa, kwa sababu alijua. Sasa anayepanda mahindi anajua kwamba yatachavua na kwamba upepo upo. Kwa mazao ya upepo kila siku ni siku ya upepo. Kwa hiyo tunaona kwamba kanuni ya 2009 ilikuwa karibu zaidi na haki, angalau kwa mahindi, na hatuoni kwa nini mzigo wa kuthibitisha aachiwe mzee wa Muheza asiye na maabara.

Maana isipokuwa hivyo, mambo hugeuka. Canada alikuwako mkulima, Percy Schmeiser, ambaye mwaka 1997 aligundua shambani mwake mimea ya kanola iliyohimili dawa ya magugu, mali ya kampuni ya Monsanto. Alihifadhi mbegu yake akaipanda mwaka uliofuata, akashitakiwa. Ni kweli kwamba aliihifadhi akijua, na wanaomsifu husahau kulitaja hilo. Mahakama Kuu ya nchi ile, mwaka 2004, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kuwa alikiuka hataza ya kampuni, ingawa hakutakiwa kuilipa faida yoyote. Hata hivyo mwenye shamba ndiye aliyesimama kizimbani, na iliyoleta kinasaba katika eneo lile ndiyo iliyokuwa ikidai.

Baada ya kuyasema hayo, hatutaki mzee wetu arudi nyumbani akichukia kila kitu kilichotoka maabara. Pale juu yake mlimani, Amani, katika kituo cha utafiti cha zama za ukoloni, ndipo ulipoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza, katika miaka ya 1930, ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Kila mtu wa pwani anaujua: majani yanapendeza, shina limesimama, ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani kama mti uliolowa. Umeshinda dawa, na watu wamelala njaa juu ya shamba lililo kijani. Kenya, mwezi Juni 2021, iliidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba ili kuustahimili ugonjwa huo. Nao muhogo hupandwa kwa kipande cha shina. Haungoji chavua, na shina haliruki na upepo kwenda kwa jirani. Ile hoja iliyoshinda Jackson haina nguvu hapa, au ina nguvu ndogo sana. Yabaki maswali mengine, kama vile nani anamiliki mbegu na kama mkulima ataruhusiwa kumgawia shemeji yake vipande kama ilivyo desturi. Hayo ni maswali ya mkataba, na mkataba unaweza kuandikwa. Anayekataa muhogo kwa hoja ya mahindi hajatazama alichokishika, sawa na wale waliotaka papai la Puna ling'olewe.

Ndiyo maana tunaamini kwamba uamuzi wa jambo hili haufai kukaa juu peke yake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapata kibali cha halmashauri ya wilaya. Karibu kila kijiji kinayo sheria ndogo ya mbuzi: atakayeachia mbuzi wake wakala mazao ya mtu, atalipa kiasi kadhaa, na mtathmini atakwenda kuangalia. Hatujui kijiji kilichoandika neno juu ya chavua. Kingeweza kuandika umbali baina ya shamba la mbegu na shamba jingine, kwani wazalishaji wa mbegu za mahindi wenyewe huacha takriban mita 200 kuzilinda mbegu zao. Kingeweza kutaka mwenye mbegu mpya atoe taarifa mkutanoni kabla ya mvua. Kingeweza kutaja nani atalipa gharama ya kupima. Yaliyowapata watu wa Hawaii yanatufundisha kuulizia mamlaka kwanza, kabla ya kukusanya saini. Wanasheria wa halmashauri wapo, na kazi yao mojawapo ni hii.

Tulipopita tena Muheza, mwezi wa pili baada ya siku ile, tulimuulizia mzee wetu, tukaambiwa yuko shambani. Jirani yake amekubali kuyahamishia mahindi ya njano bondeni, ng'ambo ya michungwa, na mzee amemlimia siku mbili kwa ajili ya usumbufu wa kuhama. Mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyewakalisha.